Kiti cha Kando ya Madam

Habari za kifo cha mwalimu wetu, Madam Nasimiyu, nilizipata kwa Njeri, na hilo lenyewe liliniudhi. Nilikuwa naanua nguo simu ilipolia, na ile sauti yake ya polepole ikaniambia kwamba Madam ametuacha, mazishi ni Jumamosi nyumbani kwake Kamukuywa, na kwamba yeye mwenyewe atanipitia Kitale asubuhi na gari la mwanawe. Nikasema inna lillahi, nikakaa kwenye ngazi ya mlango na nguo mapajani, na kabla hata chozi halijatoka nikajikuta nauliza alimpigia nani kwanza. Akasema ni mimi. Sikumwamini. Mimi ni mtu mzima, mtaa mzima unaniita Nyanya, nina wajukuu wanaonizidi kimo, lakini mwanamke huyo akinipigia simu naanza kuhesabu nani kapewa nini, kama nilivyohesabu tukiwa wasichana. Kama ni Madam kufa, mbona yeye ndiye wa kwanza kujua? Hiyo ndiyo iliyokuwa dua yangu ya kwanza kwa marehemu, Mungu anisamehe.

Mwaka ninaoukumbuka kila nikimsikia Njeri ni ule wa kurudia mtihani. Nilikuwa nimepita masomo yote isipokuwa Kiingereza, na bila Kiingereza hakuna ualimu, na ualimu ndio nilioutaka kuliko kitu chochote. Mambo ya ukoo wetu na nani alitoka wapi akafika Kitale nayaacha, hayatusaidii hapa. Ninachotaka ukione ni chumba. Kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga unga, kwenye kichochoro cha kwenda msikitini, kuta za mbao, bati juu bila dari, dirisha moja. Mashine ikianza kunguruma asubuhi, unga uliingia kwa kila ufa ukakaa juu ya madawati, juu ya ubao, mpaka kwenye nyusi za watu. Mimi niliishi karibu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuja mapema kufagia. Hakuna aliyenituma. Nilijituma kwa sababu ya viti. Mbele ya darasa palikuwa na meza, na nyuma ya meza viti viwili: cha Madam chenye mikono, na kingine kidogo cha mbao, chenye mto wa kitenge, kando yake. Hicho kidogo kilikuwa cha mtu wa kumsaidia, wa kusoma kwa sauti na kufuta ubao. Wiki ya kwanza nilifagia, nikapangusa vumbi, nikakaa. Madam akaingia akanikuta, akasema, "Mwanaidi, umeamka mapema," na tangu siku hiyo kiti kikawa changu.

Madam alikuwa Mbukusu wa Sirisia, mwanamke mnene mwenye viatu vya raba na kicheko cha chinichini, na ulimi wake ulibadilisha r na l bila kuona haya. Alitufundisha Kiingereza kikali kwa ulimi huohuo, na ole wako ucheke. Alikuwa na njia yake ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Aliamini kwamba mtu hafeli Kiingereza kwa kukosa maneno, anafeli kwa kuchanganya mawili yanayokaa jirani. Basi kila Jumatatu aliandika maneno mawili ubaoni, na kufikia Ijumaa kila mmoja wetu alitakiwa kuleta mfano wa kuyatenganisha, kutoka kwa maisha yake mwenyewe, autoe kwanza kwa Kiswahili. Mifano mingi aliipokea akaisahau. Lakini mmoja mmoja ulimgusa, akapiga meza na kusema, "Huu unabaki." Ukibaki, umebaki kweli: darasa la mwaka uliofuata lilifundishwa huo, kwa jina la mwenyewe. Sisi tulifunzwa 'borrow' na 'lend' kwa mfano wa Barasa, mtu ambaye hatukuwahi kumwona, aliyeomba toroli kwa jirani akalipeleka kwa shemeji yake, na mwenyewe alipokuja kulidai Barasa akashindwa kueleza. Kwetu wote wawili wameazima, anayetoa na anayechukua. Kwa Madam ilibidi ujue toroli lilikuwa linaelekea wapi.

Nilimwonea wivu hata huyo Barasa. Nilitaka mfano wangu ubaki. Nilitaka watu nisiowajua, mwaka nisioujua, waketi ndani ya vumbi lile la unga na Madam awaambie: mfano wa Mwanaidi. Sikuwa nataka zaidi ya hapo, na hapo nilipataka vibaya sana. Wiki ya 'hear' na 'listen' nilisimama nikasema mashine ya unga tunaisikia, Madam tunamsikiliza. Nilidhani nimemaliza. Madam alitabasamu akasema ni mzuri, halafu akatikisa kichwa. "Huo ni wa kitabu. Mfano usiokuuma ni wa kitabu." Nikakaa kwenye kiti changu cha kando nikijiuliza nitafute wapi kitu cha kuniuma, mtoto wa watu niliyekula nikashiba.

Kikaja na mvua. Njeri aliingia mvua ndefu zilipoanza, msichana mwembamba kutoka mashamba ya nje ya mji, viatu mkononi, miguu imejaa matope mekundu, na kwa mkono mwingine chupa ya maziwa kwa ajili ya Madam. Maziwa! Mimi nilikuwa nimeleta ufagio miezi yote ile, hakuna aliyesema mashallah. Madam aliyachemsha palepale kwenye jiko la makaa, tukanywa chai nzito wote, na kila mtu akamwambia Njeri asante. Alikuwa na sweta ya rangi ya udongo, mama yake aliifuma mwenyewe, ina vifungo vya mbao. Kitale kuna baridi ya asubuhi ambayo wageni hawaitarajii, na mimi nilikuwa na buibui na kijaketi cha kununua sokoni kilichoisha viwiko. Ikawa akifika amelowa, anaitundika sweta kwenye msumari nyuma ya mlango ikauke. Na kitu kingine, nitakisema kwa sababu sitaki kuonekana mwema: Madam alimwita Njeli. Jina langu halina r wala l, lilitoka mdomoni mwa Madam likiwa zima. Nilijivunia hilo kwa majuma mengi, kwa kukosa kingine.

Chakula cha mchana tulikula pamoja, kila mtu na mkebe wake. Madam alikuwa na ugali na mboga ya mrenda, mimi chapati na ndengu, Njeri githeri ya mahindi na maharagwe. Kabla ya Njeri, Madam alikuwa akimega chapati yangu na kuniuliza mama ameweka nini ndani inakuwa laini hivi. Baada ya Njeri alikuwa anachovya kijiko kwa githeri na kumwuliza habari za ng'ombe. Nilikuwa nasikiliza habari za ng'ombe kwa masikio yote mawili. Ng'ombe mmoja aliitwa Waridi. Mpaka leo nikisikia mtu ana ng'ombe anayeitwa Waridi roho inanichafuka.

Asubuhi moja nilifika nikakuta sweta imesahauliwa msumarini. Nilifagia chumba chote nikiiangalia. Halafu nikaishusha, nikaivaa juu ya buibui, nikafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, nikasimama dirishani nijione kwenye kioo. Ilininukia moshi wa kuni na maziwa. Nikakunja mikono kama Njeri anavyokunja, nikainamisha kichwa anavyoinamisha akiulizwa swali. Nikaivua, nikaitundika, na Madam alipoingia ilikuwa mahali pake nami nilikuwa kwenye kiti changu. Akanisalimu kama kawaida, akaulizia chaki.

Mvua zilipozidi barabara ya kwao ikakatika, na mama yangu, bila kuniuliza, akasema mtoto wa watu hawezi kutembea kwenye matope hayo, alale kwetu mpaka barabara ipone. Akalala kwetu, kitanda kimoja na mimi. Wiki ya kwanza mama alimwita binti, wiki ya pili akamwita mwanangu. Njeri hakuwa wa dini yetu, lakini alijua kunyamaza watu wakiswali na alijua kuosha sinia bila kuambiwa, na mama alikuwa ananiangalia mimi halafu anaiangalia sinia. Sikulala vizuri. Nilikuwa nimenyang'anywa Madam mchana, sasa nanyang'anywa mama kwa chai ya jioni, na mwenye kuninyang'anya alikuwa mpole hivi kwamba sikupata hata pa kumgombeza. Mtu mpole ni adhabu, wallahi.

Jumatatu ya wiki hiyo Madam aliandika 'alone' na 'lonely'. Mimi nilikuwa na mfano wa mbuzi. Kulikuwa na mbuzi mmoja aliyefungwa peke yake uwanjani nyuma ya msikiti, akilia, na Ijumaa nikasimama nikaeleza kwa kirefu habari za mbuzi huyo. Madam akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama mbuzi ndiye aliyeniambia anajisikia vipi, na darasa zima likacheka, na mtu mmoja nyuma akalia kama mbuzi. Njeri ndiye pekee ambaye hakucheka. Hilo pia sikulisamehe.

Zamu yake ilipofika alisimama na mikono imekunjwa. Akasema kuna mama mmoja ambaye huamka kabla ya adhana kukaanga mandazi ya kuuza. Anafungulia redio kidogo tu, anaimba kasida moyoni, na ukienda kumsaidia anakuambia rudi ulale. Mama huyo, akasema Njeri, yuko peke yake na ameshiba. Halafu Ijumaa baada ya swala nyumba inajaa, jamaa na majirani wamezunguka sinia za pilau, na mama huyohuyo anakaa mlangoni na sahani yake, na hakuna anayemwambia neno isipokuwa kumwitisha maji au pilipili. Akasema, "Hapo kwa watu wengi ndio niliona ako lonely. Ile alfajiri alikuwa tu alone." Madam hakupiga meza. Aliondoa miwani, akaipangusa kwa leso, akairudisha. Kisha akasema huu unabaki.

Niliwaka. Siyo kwamba alisema uongo. Alikuwa amesema kweli tupu, na mimi nimekula pilau ile Ijumaa zote za maisha yangu, na aliyekuwa akiitisha pilipili ni mimi. Ilibidi mgeni atoke mashambani, akae kwetu majuma mawili, ndiyo amwone mama yangu. Na sasa mama yangu alikuwa mfano wa Njeri! Mwakani na mwaka wa baadaye, watu watamjua mama kwa jina la msichana mwingine. Sikumwambia mama. Jioni ile alinipakulia chakula nikakaa karibu naye mlangoni, nikamwuliza habari za biashara, naye akaniuliza kama ninaumwa.

Kisha likaja la kiti. Siku ileile Madam alikuwa amesema kwamba kuanzia Jumatatu Njeri atakaa mbele amsaidie kusoma. Alisema kwa wepisi, akikunja kitambaa cha ubao, kama mtu anayehamisha ndoo. Jumatatu nilitoka nyumbani kukiwa bado na ukungu, nikamwacha Njeri anapiga mswaki. Sikufagia. Niliingia, nikakaa kwenye kiti cha kando, nikashika mbao zake kwa mikono miwili. Watu wakaingia mmoja mmoja, wakaniona, wakaenda kwenye madawati yao. Njeri akaingia, akasimama karibu na mlango. Madam akaingia mwisho, akaweka mkoba wake mezani.

"Mwanaidi, ondoka hapo, Njeli akae."

"Sitoki."

"Kwani hicho kiti ni chako?"

"Ni changu, Madam. Sitoki."

Nilingoja anifukuze. Ningependa anifukuze, ningepata sababu ya kulia. Badala yake akavuta kiti chake mwenyewe, kile chenye mikono, akamwambia Njeri akae hapo. Yeye akafundisha amesimama. Alifundisha hivyo wiki nzima, na miguu yake ilikuwa na ugonjwa wa kuvimba, kila mtu alijua. Nilikuwa naiona, vifundo vimejaa ndani ya raba zile, karibu na goti langu, na sikutoka. Kufikia Ijumaa Njeri ndiye aliyeshindwa. Aliinuka akarudi benchi la nyuma bila kuambiwa, Madam akakaa akashusha pumzi, na mimi nikabaki kando yake nimeshinda, na hakuna aliyeniuliza nisome.

Mwisho wa mwaka tulipita wote wawili. Madam alikuwa amechoka na kodi na vumbi la Kitale, akaamua kurudi Bungoma, kwenye shamba lake Kamukuywa, afungue shule ya watoto. Alihitaji msaidizi mmoja wa kwenda naye. Alimchagua Njeri. Sitakuchosha na jinsi nilivyolia. Siku ya kuhama nilisimama kwenye kona ya kichochoro nikitazama pikapu likipakiwa, ubao, madawati, mikeka, na mwisho kabisa kile kiti kidogo, miguu juu, mto wa kitenge umefungwa kwa kamba. Njeri alikaa mbele na dereva amevaa sweta yake. Nikajua ni chake sasa. Cheti nilikuwa nacho, lakini ualimu sikuutafuta tena; bila Madam sikuutaka. Nilirithi karai la mandazi la mama, likazaa kibanda, kibanda kikazaa hoteli karibu na maghala ya mahindi, na nimesomesha watoto wangu kwa hilo karai. Lakini kila nilipopita kwenye ile mashine ya unga nilikuwa nageuza uso.

Basi Jumamosi tukaenda. Njiani Njeri alinieleza habari za magoti yake nami nikamweleza za yangu, tukafika Kamukuywa kabla ya ibada. Yeye alifundisha pale mpaka alipoolewa, kwa hiyo kila mtu alimkumbatia yeye, na mimi nikakumbatiwa kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu. Tulipewa viti vya plastiki ukingoni mwa hema. Nyuma yetu walikaa vijana waliosomea pale wakiwa wadogo, na mwalimu mmoja wa sasa anayeitwa Nekesa, wakingoja chai. Kwa vile huzuni ya vijana haikai kimya, walianza kuulizana maneno ya Madam. Mmoja akasema 'alone' na 'lonely', na wote wakajibu kwa pamoja, mama wa mandazi. Mama yangu nilimzika zamani, Kitale, na kumbe huku Kamukuywa alikuwa bado anaamka kabla ya adhana, redio chini. Njeri aliniangalia kwa pembe ya jicho.

Kisha mwingine akasema, haya, 'jealous' na 'envious', na wakaanza kucheka. Nekesa akajibu peke yake, kwa sauti ya Madam kabisa. Kiswahili kinasema wivu tu kinanyamaza, akasema, lakini hayo ni mawili. "Jealous ni Mwanaidi na kiti. Ako nacho, anaogopa kunyang'anywa. Envious ni Mwanaidi na sweta. Si yake, anaivaa kwa dirisha watu wakiwa hawako."

Aliniona. Miaka yote hii Madam alikuwa ameniona kupitia kioo kilekile nilichojitazamia. Nikageuka, nikamwuliza Nekesa huyo Mwanaidi ni nani. Hakunijua, nilikuwa nimetambulishwa kama mama wa hoteli kutoka Kitale. Akasema hata wao hawakujua, walimwuliza Madam na yeye alisema tu kwamba mfano ule ulimuuma zaidi ya yote aliyowahi kuiweka. Lakini kiti kipo, akasema. Kiko darasani kando ya meza, kinaitwa kiti cha Mwanaidi. Mtoto akinuna, akiona mwenzake amependwa kuliko yeye, alikuwa anapelekwa kukaa hapo karibu na Madam, anapewa kikombe cha uji, hakemewi, anakaa mpaka moyo utulie mwenyewe. "Wengine si tulikuwa tunajifanya tumenuna, bana," akasema kijana mmoja, "ndio tukae."

Nilimwomba Njeri anionyeshe. Chumba kilikuwa ng'ambo ya uwanja, kidogo, picha za wanyama ukutani, na kiti kilikuwa palepale, mto wa kitenge umebadilishwa mara nyingi lakini mbao ni zilezile. Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema kila alipotaka kuniambia alijisikia kuwa anagawa kitu ambacho yeye hakupewa. Alifanya kazi pale miaka na miaka akisaidia Madam, na siku zote alikaa kwenye benchi na watoto. Hakuwahi kununa, akasema, kwa hiyo hakuna aliyemwita aje akae hapo. Alisema hivyo akitazama kiti, mikono amekunja, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaiona sura yake ikiwa na kile ninachokijua mimi.

Ningeweza kumwonea huruma. Ibada ilikuwa imeanza, waliimba nje, na mtu alikuwa anatuita. Nikavuta kiti, nikapangusa vumbi kwa ncha ya leso yangu, nikakaa. Kilinitosha.

Njeri alisimama karibu na mlango, palepale aliposimama Jumatatu ile. "Mwanaidi," akasema, "toka kidogo na mimi nikae. Hata leo tu."

"Sitoki," nikamwambia.